Mara Tatu, Kisha Kuruka

Katika Uvira yote kulikuwa na mtu mmoja tu aliyewahi kuiona okestra ya Leopoldville ikipiga muziki mbele ya macho yake, na mtu huyo alikuwa Révérien, fundi wa baiskeli wa mtaa wa Kimanga. Jambo hili lilijulikana kwa kila mtu, kuanzia Mulongwe mpaka bandari ya Kalundu. Lilikuwa na kasoro moja tu: halikuwa kweli.

Kuondoka aliondoka, hilo hakuna wa kulipinga. Mwaka wa hamsini na saba alibeba sanduku la bati, akaaga nyumba kwa nyumba, shangazi zake wakalia, mbuzi akachinjwa, naye akapanda lori akisema anakwenda Leopoldville kutafuta maisha. Alifika Bukavu. Siku ya pili, sokoni, aliweka sanduku chini ili anunue mhogo wa kuchoma, na alipogeuka sanduku lilikuwa limekwenda kutafuta maisha bila yeye. Sasa mtu arudi vipi nyumbani siku ya nne, nyama ya mbuzi wake wa kuagia bado iko kwenye meno ya watu? Haiwezekani. Révérien akashuka bondeni, akaingia Runingu kwa mjomba wake Hatungimana, akalima pamba miezi tisa. Kutoka Runingu mpaka Uvira ni asubuhi moja kwa baiskeli.

Aliporudi alikuwa na kofia mpya, mke aliyeitwa Honorine, na Leopoldville nzima kichwani. Kofia aliinunua, mke alimpata shambani, na Leopoldville alipewa na dereva wa lori la pamba aliyependa kusema kuliko kuendesha.

Hapo ndipo Uvira ilipoanza kuambiwa mambo. Kwamba kule Léo, yaani Leopoldville, gita kubwa la besi ni kubwa kiasi kwamba mvua ikinyesha mpigaji anaingia ndani yake na kuendelea kupiga kutoka humo. Kwamba mpuliza saksofoni alipuliza mpaka taa za barabarani zikazimika, na polisi wakamwomba kwa heshima apulizie upande wa mto. Kwamba mwimbaji wa okestra ya Vedette Bambou mwenyewe, mwenye jino la dhahabu, alimpa Révérien nusu ya sigara yake na kumwambia, "Salimia watu wa ziwa Tanganyika."

Aliyeyapenda maneno haya kuliko wote alikuwa Halidi, mwenye duka la chumvi na vitambaa pale Kimanga. Babu yake Halidi alivuka ziwa zamani za biashara ya pembe, na ukoo wake wote ulijua kupima kitu kabla ya kukinunua. Lakini kwa muziki Halidi hakupima chochote, alinunua tu. Mwaka wa hamsini na nane alileta kutoka Usumbura, ng'ambo ya ziwa, gramofoni ya kuzungusha kwa mkono, pamoja na sahani tisa za muziki. Nane watu walizisikiliza kwa adabu. Ya tisa ndiyo waliyoijia: wimbo wa Vedette Bambou uitwao "Georgette".

Sasa, juma la pili tu, kuku wa Bibi Zaina, mama yake Halidi, alipanda juu ya meza, akaona kitu cheusi kinachong'aa, akakiparua. Mkwaruzo ulikuwa mmoja, mfupi kama kope. Lakini toka siku hiyo, mwimbaji alipofika pale anapomuuliza Georgette taa yake inamwakia nani, sindano ilijikwaa, ikarudi nyuma kwenye "taa yako": *mwinda na yo*, *mwinda na yo*, *mwinda na yo*, na ingeendelea hivyo mpaka Yesu arudi. Halidi alikaribia kulia. Wanaume watano walijaribu kuisukuma sindano. Wote waliitupa mwisho wa wimbo. Ni Révérien, mwenye kidole kilichozoea kunyoosha spoki za magurudumu, aliyeweza kuigusa kwa ncha ya kidole cha mwisho, wakati uleule wa mara ya tatu, na wimbo ukapita kama mtu anayevuka mtaro.

"Usihuzunike, Halidi," alisema. "Hata kule Léo njo vile wanafanya. Mwimbaji anarudilia mara tatu, na kwa ya tatu batu yote mu salle ya dansi wanaruka. Minye niliona na macho yangu."

Basi. Tangu siku hiyo Uvira yote ilicheza "Georgette" hivyo: hatua tatu za kurudi nyuma, kisha kuruka. Arusi za Wakristo, arusi za Waislamu, hata sherehe ya Uhuru mwaka wa sitini, watu walirudi nyuma mara tatu na kuruka. Watoto waliozaliwa wakati ule walijua kuruka kabla ya kujua kutembea.

Na Révérien akawa mwenye sindano. Siku sita za juma alikuwa amelala chini ya baiskeli za wengine, mafuta mpaka kwenye nyusi, na mtu yeyote angeweza kumwita "weye, fundi". Siku ya Jumapili baada ya misa alikaa kwenye kiti upande wa kulia wa gramofoni, barazani kwa Halidi, akamiminiwa chai ya kwanza kabla ya mwenye nyumba, na alipoinua kile kidole, watu arobaini walinyamaza. Hakuwa na kitu kingine cha kujivunia duniani. Kiti hicho alikipata kwa uongo, alijua, na alikilinda jinsi mtu anavyolinda mali halali.

Mwezi wa tatu wa mwaka wa sitini na nne Halidi alikuja mbio mpaka penye baiskeli, kanzu ameikunja mkononi.

"Révérien! Weye iko unalala huko chini? Rafiki yako iko anakuja!"

"Rafiki gani?"

"Ule wa jino! Vedette Bambou! Wamefika Bukavu, Jumapili wako hapa, mu ua ya baa. Saa nane ya mchana, sababu ya ile amri ya kutotembea jioni. Utanipeleka kwake nimupe mukono."

Révérien alibaki chini ya baiskeli, akikaza nati ambayo ilikuwa imekazwa tayari.

"Iko kimya, amejawa na furaha," Halidi aliwaambia wapita njia.

Bibi Zaina, ambaye miguu yake ilikuwa mibaya na macho yake mazuri sana, aliita kutoka barazani: "Mwanangu Révérien! Ule mwimbaji meno yake ya dhahabu ni ngapi? Mwaka jana ulisema moja, juzi zikakuwa mbili."

"Anaendelea kutajirika, Bibi."

"Haya. Jumapili watanihesabia."

Nyumbani, Honorine alimwangalia mume wake akisukuma ugali huku na huku kwenye sahani. Miaka sita mwanamke huyu alikuwa ameficha siri ambayo angeweza kuimaliza kwa neno moja pale kisimani.

"Utafanya nini?"

"Nitagonjwa."

"Ugonjwa gani?"

"Malaria."

"Uligonjwa malaria siku ya ubatizo ya mutoto ya Cyprien. Tafuta ingine."

"Nitakwenda Runingu, kumuona mjomba."

"Eeh, uende tena Léo," Honorine akasema, na kucheka mpaka akaweka kijiko chini.

Jumapili asubuhi, badala ya kwenda misa, Révérien alikwenda nyuma ya baa, kwenye vyumba walikolala wanamuziki. Alikuwa amepanga maneno yake. Angepiga magoti kama ingebidi. Angemwomba mwimbaji afanye kama anamfahamu, dakika moja tu, mbele ya watu; kitu hicho hakigharimu.

Alimkuta kijana mwembamba amekaa kitandani, koti la buluu lenye vifungo vya kung'aa liko magotini, anapunguza mikono ya koti hilo kwa sindano na uzi.

"Natafuta mwimbaji wa Vedette Bambou."

"Ni minye. Modeste."

Révérien alimtazama mdomoni. Meno yote yalikuwepo, meupe, hakuna hata moja la dhahabu. Hilo lilikuwa kosa la Révérien mwenyewe, lakini kulikuwa na jambo lingine: sauti. Miaka sita alikuwa ameikalia karibu sauti ya sahani kuliko mtu yeyote mjini, na hii haikuwa ile.

"Weye njo uliimba Georgette mu sahani?"

Kijana alikata uzi kwa meno. "Funga mulango," akasema.

Révérien akafunga.

"Mutu akiniuliza vile, anajua tayari," Modeste akasema. "Minye ni wa Walungu, pale karibu na Bukavu. Léo sijafika. Bosi wetu njo alikwenda kule kununua okestra, akaikuta imevunjika, kila mutu na njia yake. Makoti tu njo yalikuwa yanauzishwa. Akaleta makoti."

"Na nyimbo?"

"Tulijifunza kwa sahani. Miezi mine, batu saba tunazunguka gramofoni kama batu ya kilio. Bosi hapendi mutu aseme sisi si wao, basi tunapiga vile sahani inapiga, tusiongeze, tusipunguze. Unajua pale katikati ya Georgette mutu anakohoa?"

"Najua. Kisha gita ndogo inaingia."

"Njo pale. Tuko na mutu wa kukohoa."

Révérien alicheka kwa mara ya kwanza tangu habari ile ifike. Alicheka mpaka akakaa kitandani juu ya mikasi. Kisha, kwa kuwa mlango umefungwa, naye akasema yake: sanduku la bati, pamba, dereva wa lori. Alikuwa hajawahi kumwambia mtu, na alishangaa jinsi habari yenyewe ilivyokuwa fupi.

Modeste akampa mkono. "Basi tusaidiane, ndugu. Mbele ya batu weye unanijua, minye nakujua. Tulikutana wapi?"

"Ulinipa nusu ya sigara."

"Sivutaki, lakini sawa."

"Kuko kitu kingine. Ukifika pale *mwinda na yo*, urudilie mara tatu."

"Sababu ya nini?"

"Hapa njo tunacheza vile."

Modeste akatikisa kichwa. "Ile hapana. Bosi iko na kijiti. Mutu akitoka mu sahani anapigwa kwa vidole. Omba yote, lakini si ile."

Saa nane ua wa baa ulijaa mpaka ukuta wa matete ukainama nje. Watu walikuja na viti vyao. Wavuvi walikuja na harufu yao. Bernardine wa Mulongwe, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, mwanamke mwenye mabega ya mbeba mizigo, alikuja na beseni limejaa, akaliweka nyuma yake. Cyprien, yule mwenye mtoto aliyebatizwa, alikuja na vijana wenzake wanne, kitambaa kimefungwa mkononi. Kilikuwa kitambaa tu, alama ya vijana wa siasa, lakini mwezi ule watu walianza kukiogopa. Milimani kulikuwa na maneno ya uasi, bondeni kulikuwa na maneno ya uasi, na mgeni yeyote aliyejiita jina lisilo lake alikuwa mpelelezi wa upande mmoja au wa upande mwingine. Juma lililopita muuza dawa za meno alichukuliwa "kuulizwa kidogo", na hadi sasa watu walikuwa wanamsubiri na meno yao.

Wanamuziki wakatoka, makoti ya buluu, suruali zimekunjwa chini. Modeste alitimiza ahadi. Alishuka kutoka kwenye jukwaa la mbao, akapita katikati ya watu wote, akamkumbatia fundi wa baiskeli.

"Révérien! Tangu Léo!"

Uwanja ukasema *aaah*. Halidi akapewa mkono, akauangalia mkono wake kama kitu kilichonunuliwa. "Mama atanisamehe," akasema, "jino sikuliona vizuri." Na Révérien akakaa mbele kabisa, kwenye kiti alichowekewa, akifikiri kwamba pengine Mungu ni mtu wa Runingu.

Nyimbo tatu zilipita vizuri. Kisha gita likaanza "Georgette", na watu wakasimama kama kanisani. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Katikati, mtu mmoja mfupi akasogea mbele, akakohoa, na ua wote ukapiga kelele za shangwe: ni wao! ni wao wenyewe, hata kikohozi! Wanawake wakapiga vigelegele. Modeste akafumba macho, akamuuliza Georgette taa yake inamwakia nani, na watu mia tatu wa Uvira wakarudi nyuma hatua ya kwanza.

Okestra ikaendelea mbele.

Watu wakarudi hatua ya pili. Wimbo ulikuwa umeshafika kwenye kiitikio. Waliokuwa nyuma walikuwa wakirudi, wa katikati walisimama kuuliza kuna nini, wa mbele, wenye imani zaidi, waliruka peke yao na kushukia miguu ya wengine. Bernardine aliangukia beseni lake mwenyewe. Ukuta wa matete, uliokuwa umevumilia mengi, ukalala chini na watu kumi na wawili juu yake.

Muziki ukakatika.

"Wameharibu," mtu akasema.

"Hawajui wimbo!"

"Mutu anasahau wimbo yake mwenyewe?"

Cyprien alipanda kwenye mbao na vijana wake wanne. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililotisha. "Batu wa okestra," akasema, "muko na karatasi? Nani aliwatuma huku? Sababu minye naona makoti, lakini ndani ya makoti sioni wenyewe."

"Ngoja!" Halidi aliinua mkono wake, ule uliopewa mkono. Alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki hutafuta shahidi. "Kuko mutu hapa aliwaona. Miaka saba iliyopita, na macho yake. Révérien, ndugu yangu, simama. Batu hawa njo wao, ao si wao?"

Révérien akasimama. Watu mia tatu wakanyamaza, kama wale arobaini wa barazani, na hata kidole hajainua.

Alijua vizuri kila neno linakwenda wapi. Angesema "si wao, nimedanganywa na koti", na ingekuwa kweli tupu. Kiti chake kingebaki chake mpaka kufa, tena kingeongezwa mto wa kukalia, na Modeste na mkohozi wake wangekwenda kuulizwa kidogo. Angesema "ni wao", wangemuuliza mbona hawakuruka. Alimtazama Modeste. Kijana hakumwomba kitu. Alikuwa anautazama mkono wa koti lake, pale uzi ulipoanza kufunguka.

"Sijui," Révérien akasema.

"Namna gani hujui?" akauliza Cyprien.

"Sijawaona. Siwezi kusema ni wao, siwezi kusema si wao. Mwaka ile sikufika Léo. Nilikuwa Runingu."

"Runingu ya wapi?"

"Runingu. Ya pamba."

Mbuzi alilia mahali fulani upande wa ziwa.

"Lakini amekukumbatia!" mtu akapaza sauti. "Amesema tangu Léo!"

"Nilimuomba leo asubuhi."

"Na ile mara tatu?" Hii ilikuwa sauti ya Bernardine, kutoka kwenye beseni. "Minye nimerudi mara tatu na kuruka siku ya arusi yangu! Nani alituambia turuke?"

Révérien akavua kofia. "Ile ni kuku ya Bibi Zaina," akasema.

Kicheko hakikuja mara moja. Kilianzia kwa Honorine, aliyekuwa amekaa nyuma na miaka sita tumboni; ulimtoka mlio kama wa mpira wa baiskeli unaopasuka. Kisha Bernardine. Kisha ua mzima. Mzee mmoja wa Mulongwe alicheka mpaka ikabidi alazwe juu ya ukuta wa matete na kupepewa. Wanasema wavuvi waliokuwa majini walikisikia kicheko hicho wakadhani ni radi, wakavuta nyavu. Cyprien naye alicheka, akifuta macho kwa kile kitambaa cha mkononi, na karatasi hakuziuliza tena. Tapeli mmoja alikuwa amepatikana, na kwa mchana mmoja aliona anatosha.

Halidi hakucheka. Alisimama mbele ya Révérien, akiwa na ule uso wa mtu anayepima kitambaa na kukikuta kifupi.

"Miaka sita," akasema, "chai ya kwanza ilikuwa yako."

Akapita juu ya ukuta ulioanguka, akaenda nyumbani.

Révérien alitaka kumfuata, lakini Bernardine alikuwa ameshasimama, ndagala zimemshika kwenye kitenge, kidole kimenyooshewa okestra. "Muziki! Kuku ao si kuku, sisi pale tunarukaka! Rudilieni, na sasa muimbe kama batu wenye masikio!"

Modeste alimtazama bosi. Bosi alimtazama Bernardine. Kijiti akakiweka mfukoni.

Wakaanza tena. Walipofika pale, Modeste akasema *mwinda na yo*, akarudia, akarudia, na kwa ya tatu watu mia tatu wakaruka kwa pamoja, na waliposhuka vumbi likafika kwenye mabati. Sasa likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Okestra ilikuwa imetoka nje ya sahani kwa mara ya kwanza maishani mwake, na haikujua pa kuingilia tena. Mpiga gita alizunguka akitafuta mlango. Hakuupata. Akaendelea kuzunguka, na wenzake wakamfuata, na dakika tatu za sahani zikaisha bila mtu kuinua sindano.

Révérien alisimama palepale, kofia mkononi. Wimbo huu aliujua kuliko sala. Aliweza kuuanzia popote. Na sasa hakujua kitakachofuata. Alisikia vidole vikisuguana na nyuzi kabla ya sauti yenyewe. Alimsikia Modeste akivuta pumzi, kitu ambacho yule wa ndani ya sahani hakuwahi kufanya. Mpiga gita alikosea, akaona haya, akalirudia kosa lilelile kwa makusudi, na mara ya tatu halikuwa kosa tena. Ngoma aliisikia kwa nyayo kwanza, masikio yakafuata. Mkohozi alisahau kukohoa. Alikuwa chini na watu, anacheza na Honorine. Révérien alifikiri: mimi nilisema besi ina nafasi ya mtu kuingia ndani, na sikujua kwamba jambo la kusema lilikuwa hili, jasho hili kwenye kiwiko cha mpiga gita.

Saa kumi na moja kila mtu alikwenda nyumbani, kwa sababu ya ile amri.

Jumapili iliyofuata Révérien hakwenda barazani. Alihamishia baiskeli zake Mulongwe, chini ya bati la mtu, akawa "weye, fundi" siku saba za juma. Waliokuja walimtania: "Fundi, Léo kuna pamba nzuri mwaka huu?" Alijibu kwamba wadudu ni wengi. Alisikia kwamba Halidi alijaribu kuigusa sindano mwenyewe, ikaruka mpaka mwisho na kuchora mstari mpya. Alisikia kwamba sasa watu wanaokuja ni ishirini, kisha tisa. Kumwendea hakumwendea. Mtu unayemwomba msamaha lazima kwanza akuamini unapoomba, na Révérien hakuona kwa nini Halidi angeanza sasa.

Mwezi wa tano risasi za waasi na askari zilianza upande wa Kavimvira, kaskazini mwa mji, asubuhi, saa ya chai. Waliokuwa na mitumbwi walikwenda majini, waliokuwa na miguu walikwenda milimani. Nyumba ya Révérien ilikuwa ya udongo. Kabla hajaamua kitu, alitumwa mtu na Bibi Zaina: fundi na mke wake waje, nyumba ya Halidi ni ya matofali ya kuchoma, na yeye hawezi kukaa na risasi na huyo mwanawe asiyejua kuzungumza.

Halidi aliwafungulia. Hakusalimu. Aliwaonyesha magunia ya chumvi kwenye chumba cha nyuma kisicho na dirisha, akarudi kukaa mlangoni, mgongo kwao. Gramofoni ilikuwa imezikwa nyuma ya jiko, imeviringishwa shuka jipya, kama marehemu wa heshima.

Walikaa. Risasi zilikuja, zikaenda, zikarudi.

"Mashine iko mu udongo," Bibi Zaina akasema. "Haya, Révérien, tuambie kitu."

"Ya Léo, Bibi?"

"Léo nimechoka nayo. Ile Jumapili. Miguu ilinikatalia, na huyu mwanangu alirudi katikati, hana la kusema. Ilikuwa namna gani?"

Révérien akafungua mdomo. Kwa miaka sita, swali kama hilo lingemtoa meno ya dhahabu ya kujaza debe. Sasa alitafuta, akaona kila anachokishika ni kidogo.

"Ilikuwa ndefu," akasema.

"Ndefu. Njo ile tu?"

"Mpiga gita alikuwa anatoka jasho mpaka kwa kiwiko."

"Mama yangu! Jasho hata minye niko nayo hapa."

Halidi, bila kugeuka, akauliza, "Walipiga dakika ngapi?"

Lilikuwa neno lake la kwanza kwa Révérien tangu siku ile. Révérien alikuwa na jibu tayari mdomoni, saa nzima, mpaka gita likashika moto. Alilisikia likija, akalimeza.

"Sijui, Halidi. Sikuhesabu. Kumi, kumi na moja. Inawezekana hata nane."

"Ilikuwa zaidi ya nane," Honorine akasema.

"Na pale pa kuruka, wao wenyewe waliruka?"

"Ule wa besi tu. Wengine walibaki chini. Makoti yalikuwa yanawabana."

Halidi akageuka. Alimtazama, na safari hii hakuonekana kuwa anapima. Akaacha mlango, akaja, akakaa kwenye gunia la pili.

"Anza mwanzo," akasema. "Polepole. Usiongeze kitu."

Révérien akaanza. Alisema koti lilikuwa la buluu, Honorine akasema buluu ya kuiva, akakubali. Alisema gita lilianza peke yake, kisha akasita, akasema hapana, ngoma ilitangulia kidogo, si sana. Alirudi nyuma, akarekebisha, akasema hapa sikumbuki. Nje walikuwa wanapigana karibu na soko sasa. Bibi Zaina alisinzia kabla hawajafika kwenye kikohozi. Halidi hakusinzia.